Pimamaji, timazi na mtego wa neno 'sawa'

Wiki mbili zilizopita nilipokea bahasha kutoka Kitui. Ndani mlikuwa na karatasi nne za maagizo ya kusimika mashine ya kukereza vyuma, ile ambayo mafundi wetu huiita lethi. Maagizo hayo yalikuwa yametafsiriwa kwa Kiswahili ili yawafae vijana wa karakana moja inayofunza ufundi. Aliyenitumia aliomba jambo dogo tu: "Prof, hebu pitisha jicho uone kama Kiswahili kiko sawa." Nilipofika mstari wa tatu nikakwama. Palikuwa pameandikwa: "Weka kiwango cha roho cha usahihi juu ya kitanda na uhakikishe kitanda kiko sawa."

Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Kisha nikasoma barua fupi iliyoambatishwa, nikaacha kucheka.

Barua ilisema kwamba vijana walikuwa wameshaifuata karatasi hiyo. Walisimika mashine, wakaanza kazi, na kazi yao ya kwanza ya malipo ilikuwa shafti ya kinu cha posho. Shafti ilitakiwa iwe na kipenyo cha milimita 30 toka mwanzo hadi mwisho. Upande mmoja ilikuwa 30 kamili. Upande wa pili ilikuwa imepungua kwa karibu sehemu nane za mia za milimita. Kwa macho huoni kitu. Lakini beringi ya kwanza iliingia ikashika barabara, na ya pili ikacheza kama pete ya kuazima. Mwenye kinu akairudisha, na gharama ya chuma ikakatwa kwenye posho ya kijana aliyeikereza. Kijana akaambiwa hajui kazi.

Niliamua kwenda kujionea. Mimi ni mtu wa lugha, vyuma si fani yangu, lakini kuuliza si ujinga. Kabla sijasimulia nilichokikuta huko, msomaji wangu, niruhusu tulitatue kwanza suala la roho.

Mtafsiri (au programu ya tafsiri, maana siku hizi huwezi kujua) alikutana na maneno mawili ya Kiingereza. La kwanza lina maana ya roho au pepo, na pia lina maana ya kileo kilichokenekwa. La pili lina maana ya kiwango, na pia hali ya kulala bila kuinama upande wowote. Katika kila jozi alichagua maana isiyofaa. Kileo kinachozungumziwa hapa ni jamaa wa ile spiriti ambayo muuguzi hukupaka mkononi kabla ya kukudunga sindano. Si pepo, na wala si kaluvu ya wazee wetu Ukambani. Ni kiowevu chepesi kilichojazwa ndani ya kichupa cha kioo na kuachiwa kiputo kimoja cha hewa. Kifaa hicho hunasibishwa na Mfaransa Melchisédech Thévenot, aliyekitengeneza yapata mwaka 1661. Kileo kilipendelewa kuliko maji kwa sababu hakigandi upesi wakati wa baridi kali, na kiputo hutembea ndani yake kwa wepesi bila kunata.

Kiswahili kina jina la kifaa hiki, tena jina zuri: pimamaji. Ni neno ambatano la kitenzi na nomino, na mimi huliweka katika ngeli ya I-ZI: pimamaji hii, pimamaji hizi. Wapo watakaoniuliza mbona tuseme maji ilhali ndani mna kileo. Jibu liko mtaani. Tazama waashi wakijenga nyumba. Wana mpira mrefu wa plastiki unaoonyesha ndani, umejazwa maji, mmoja ameshika ncha hii na mwingine ncha ile, wakilinganisha kimo cha maji kwenye pembe mbili za nyumba. Maji yakitulia, ncha zote mbili huwa na kimo kimoja. Hiyo ndiyo pimamaji asilia, na jina limehamia kwa kifaa kidogo chenye kiputo kama vile kalamu ilivyobaki kuwa kalamu hata baada ya matete kwisha. Ndugu yake pimamaji ni timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma au risasi nchani, inayoonyesha wima. Timazi hupima kusimama, pimamaji hupima kulala. Nimesahihisha insha nyingi ambamo wawili hawa wamebadilishana majina, na ukuta ukapimwa wima kwa pimamaji. (Mafundi wataniambia kwamba pimamaji nyingi za waashi zina kichupa cha pili kilichokingama, kwa hiyo hupima wima pia. Ni kweli. Wana haki.)

Mimi mwenyewe niliijua pimamaji kabla sijajua jina lake. Nilikulia katika milima ya upande wa Mbooni, wakati Makueni ingali sehemu ya wilaya ya Machakos, kwani hatukuwa wilaya kamili hadi mwaka 1992. Mpango wa kitaifa wa kuhifadhi udongo ulianza mwaka 1974 kwa msaada wa Sweden, na haukupita muda mrefu kabla afisa wa kilimo hajafika kwetu akiwa na vijiti viwili vya urefu sawa, kamba, na kidude kidogo cha kioo kilichoning'inizwa katikati ya kamba hiyo. Nilipewa kijiti kimoja nikishike. Mwenzangu alishika kingine. Afisa alisimama katikati akikodolea kile kioo, akipaza sauti: "Panda! Panda kidogo! Shuka! Hapo hapo!" Kina mama wa mwethya walifuata nyuma na majembe, wakichimba pale tulipokita vigingi.

Mtaro wenyewe ulichimbwa na udongo kutupwa upande wa juu, ukawa tuta linalozuia maji na kuacha shamba lijisawazishe lenyewe mwaka baada ya mwaka. Amri iliyotolewa pale mtaroni ilikuwa "fanya juu!" Ukitupa udongo upande wa chini, hiyo ni "fanya chini". Leo hii, ukifungua kitabu cha uhifadhi wa udongo kilichoandikwa kwa Kiingereza, utakuta maneno "fanya juu" yamechapishwa vilevile, kwa Kiswahili, kama jina la kitaalamu la aina hiyo ya matuta. Wahabeshi wanayatumia matuta hayo, na jina ni lile lile. Hakuna kamati ya istilahi iliyoketi hotelini kulipitisha. Si hata sarufi ya kupendeza, ukiniuliza kama mwalimu. Lakini lilizaliwa mtaroni, kinywani mwa mtu aliyekuwa akifanya jambo hilo hilo, na yeyote aliyelisikia akiwa ameshika jembe alielewa afanye nini.

Basi nikafika Kitui. Karakana haiko mbali na soko la Kalundu. Fundi mkuu, mtu wa makamo mwenye maneno machache, alinipokea kwa heshima, akanifutia kiti vumbi kwa koti lake. Mashine ilikuwa kule ndani: kuukuu, nzito, ya rangi ya kijani, na imefungwa sakafuni kwa bolti.

"Prof, hiyo karatasi ilituangusha," akaniambia. "Ilisema tuhakikishe kitanda kiko sawa. Vijana wakaweka leveli hapa katikati, kwa urefu. Babo ikakaa katikati. Wakasema iko sawa, wakafunga bolti. Kumbe kitanda kimejikunja kama chapati."

Nilimwomba anieleze polepole, naye akanielewesha kwa mfano ambao nitauiba darasani. Fikiria kitanda cha mbao kilichowekwa juu ya sakafu yenye mashimo. Miguu mitatu imekanyaga, mmoja unaning'inia. Sasa chukua msumari uushindilie ule mguu wa nne mpaka uguse sakafu. Mguu utagusa, lakini fremu ya kitanda itakuwa imesokotwa: pembe moja imevutwa chini kuliko zile nyingine. Kitanda cha mashine ni chuma kizito, na mtu hudhani chuma hakisokoteki. Husokoteka. Ukikaza bolti kwenye mguu unaoning'inia, kitanda hujipinda kwa kiasi ambacho jicho halioni, ila kisu cha kukerezea, kinachotembea juu ya kitanda hicho, hukifuata. Kikianza safari kiko umbali fulani kutoka kwenye kitovu cha chuma kinachozunguka. Kikifika mwisho umbali umebadilika. Ndipo shafti inapokuwa nene huku na nyembamba kule.

Hapo nikauliza swali ambalo nadhani lilimfurahisha. Je, ni lazima mashine ya kukereza ilale mlalo kamili? Akatikisa kichwa. "Si lazima. Hata kwenye meli kuna lethi, na meli inayumba. Inafanya kazi sawasawa tu. Shida si kuinama, shida ni kujikunja. Inaweza kuinama, lakini iiname yote pamoja."

Iiname yote pamoja! Sentensi hiyo ilinifanya nione mtego uliomo katika neno letu pendwa, "sawa".

Neno hili tunalitumia kutwa kucha. Uko sawa? Niko sawa. Sawa basi. Lakini kwa fundi lina angalau maana mbili zinazogombana. Maana ya kwanza ni kulala bila mwinamo: meza iko sawa, uwanja uko sawa. Maana ya pili ni kulingana: vijiti viwili vya urefu sawa, mbili jumlisha mbili ni sawa na nne. Karatasi ya Kitui ilitumia "sawa" na vijana wakaichukua kwa maana ya kwanza: wakahakikisha kiputo kimekaa katikati. Kumbe kazi yenyewe ilihitaji maana ya pili. Pimamaji huwekwa kwa kukingama, mara ya kwanza karibu na kichwa cha mashine panapokaa chaki, kisha husogezwa hadi mwisho wa kitanda na kusomwa tena. Kinachotafutwa ni kwamba usomaji wa kwanza na wa pili ulingane. Kiputo kikiwa vigawanyo viwili kuelekea dirishani huku na vigawanyo viwili kuelekea dirishani kule, kitanda hakijasokotwa, hata kama hakijalala mlalo. Kikikaa katikati huku, halafu vigawanyo vitatu kule, kuna msokoto, na mguu mmoja unahitaji kulegezwa na kuwekewa kipande chembamba cha bati chini yake. Neno moja dogo, na kijana amekatwa posho.

Wapo wasomi wenzangu watakaosema: unaona sasa, Kiswahili hakiwezi kubeba mambo haya, waacheni vijana wasome Kiingereza. Nakataa. Kiingereza chenyewe ndicho kilichomwingiza mtafsiri shimoni kwa maneno mawili yenye maana mbilimbili. Kiswahili kina kila kinachohitajika. Kuna "mlalo" na kinyume chake "wima". Kuna "mwinamo" kwa kile kilichoelekea upande mmoja. Kuna "msokoto", neno linalojulikana na kila mtu aliyewahi kusokota kamba au mkeka. Kuna "ubapa" na "unyoofu", ambavyo si kitu kimoja: rula inaweza kuwa nyoofu kwa urefu na isiwe bapa. Hata "kereza" lenyewe si neno la jana; miguu ya vitanda vya Lamu ilikerezwa zamani kabla ya yeyote kati yetu kuzaliwa. Tunachokosa ni desturi ya kuchagua. Tumezoea kulitupia "sawa" kila kazi, kama jembe la mwenye shamba mvivu linalochimba, linalopalilia na linalopasua kuni.

Pimamaji ya karakana nayo inastahili jina lake, kwa sababu si ile ya mwashi. Fundi alinitolea yake kutoka kwenye sanduku la mbao lenye kitambaa ndani. Ni kipande cha chuma cha kutupwa, kizito, kifupi kuliko mkono wangu, chini kimesuguliwa kikang'aa. Ubavuni kimeandikwa 0.02 mm kwa mita. Maana yake ni hii: chukua ubao ulionyooka wa urefu wa mita moja, uinue ncha moja kwa sehemu mbili za mia za milimita, na kiputo kitasogea kigawanyo kimoja. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko hapo mara tatu au nne. Ubao kama huo ungekuwa na urefu wa kilomita 50, ncha yake ingekuwa imeinuka mita moja tu. Pimamaji ya kawaida ya mwashi huanza kuonyesha tofauti inapofika nusu milimita au milimita nzima kwa kila mita. Hiyo inatosha kabisa kwa ukuta, na inatosha kabisa kwa mtaro wa shambani, ambao hata huachwa uiname kidogo kwa makusudi pale maji yanapotakiwa yaende yakamwagwe. Haitoshi kuona msokoto uliomharibia kijana shafti yake.

Siri iko kwenye kichupa. Kioo kile huonekana kimenyooka, lakini ndani kimechongwa kwa mpindo hafifu, ni sehemu ndogo ya duara kubwa. Kiputo hukimbilia kileleni mwa mpindo. Duara likiwa dogo, kilele hakihami sana ukiinamisha kifaa. Likiwa kubwa, mwinamo mdogo hukipeleka kiputo mbali. Kama vigawanyo vimeachana kwa milimita mbili na kila kimoja ni 0.02 mm kwa mita, basi kipenyonusu cha duara hilo ni mita 100. Umbali wa mbio fupi za Olimpiki umefichwa ndani ya kichupa kisichozidi kidole! Kwa hiyo napendekeza tuiite "pimamaji nyeti" badala ya "pimamaji ya usahihi". Usahihi ni jambo jingine. Kifaa kinaweza kuwa nyeti mno na bado kikakudanganya.

Wala sisemi hivyo kwa ajili ya mapambo ya lugha. Fundi aliniambia nikishike kidogo, nikakishika upande mmoja kwa mkono mzima, kama dakika mbili hivi. Kiputo kikaanza kutembea taratibu kuelekea mkono wangu, na hatukuwa tumegusa meza. "Joto, Prof. Babo inapenda joto." Kitui, saa nane mchana, chini ya paa la mabati, pimamaji kama hii huachwa juu ya mashine mpaka zizoeane ndipo isomwe. Kiowevu kikipata joto hutanuka na kiputo hufupika, hivyo fundi mzoefu husoma ncha zote mbili za kiputo.

Halafu kuna njia ya kukijua kifaa kinachodanganya, nayo haihitaji kifaa kingine. Unakiweka, unasoma. Unakigeuza, upande uliokuwa kulia uende kushoto, palepale, unasoma tena. Tuseme mara ya kwanza kiputo kiko vigawanyo vitatu kuelekea dirishani, na mara ya pili kiko kigawanyo kimoja, upande huo huo wa dirishani. Wastani, yaani vigawanyo viwili, ndio mwinamo wa kweli wa kitanda. Nusu ya tofauti, yaani kigawanyo kimoja, ndiyo kosa la pimamaji yenyewe. Nilipomwona akifanya hivyo nilikumbuka yule afisa wa kilimo kule Mbooni. Kila alipofika shamba jipya aliigeuza ile pimamaji kwenye kamba, kushoto kuja kulia, kabla hajatuambia "panda" au "shuka". Nilidhani ni mchezo wake. Nimeishi nikidhani hivyo karibu miaka hamsini.

Tuliketi na zile karatasi nne, mimi na kalamu nyekundu, yeye na kikombe cha chai. "Kiwango cha roho" kikawa "pimamaji nyeti". Mstari wa tatu tuliuandika upya mara nne. Mara ya kwanza niliandika mimi, naye akasema vijana hawataelewa. Mara ya nne aliandika yeye, nami nikarekebisha viambishi tu: "Weka pimamaji kwa kukingama karibu na chaki, usome. Ipeleke mwisho wa kitanda bila kuigeuza, usome tena. Masomo mawili yakitofautiana, kitanda kimesokotwa. Legeza bolti, tafuta mguu unaoning'inia, weka bati, rudia." Neno "sawa" halimo.

Kijana wa ile shafti alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo akitusikiliza. Fundi alimwita, akampa karatasi asome kwa sauti. Alisoma hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Prof, sasa hii babo tuiite aje?"

Nikamwambia, kiputo.

"Kiputo," akasema. Akachukua pimamaji kutoka sandukuni kwa ncha za vidole, akaenda nayo kwenye mashine, akaiweka kwa kukingama, akasubiri.

Nitarudi Kitui mwezi ujao. Mwenye kinu bado anahitaji shafti.